Akili Ikimwota

Baba yangu mdogo alikufa bila mimi kumsamehe, na hata sasa nikipita mahali alipozikwa sivui kofia. Wanangu huniuliza kwa nini. Huwaambia ni kwa sababu ya jino. Wanacheka, wanadhani ni mzaha wa mzee. Hapa nitaeleza habari za jino hilo, na kwa nini nililiacha likioza kinywani mwangu wakati kila mtu mwenye huruma aliniambia nilitoe.

Mama alitangulia kufa, kisha baba, kabla nyasi hazijashika vizuri juu ya kaburi la mama. Mimi nilikuwa kifungua mimba. Nyuma yangu alikuwepo dada yangu, na nyuma yake mdogo wetu wa kiume ambaye bado alihitaji kufungwa suruali. Nilikuwa darasa la tatu katika shule ya misheni, upande wa Sirisia. Siku baba alipozikwa ndiyo siku niliyoacha shule, ingawa hakuna aliyeniambia niache. Niliwatazama wale wawili, nikajua.

Baba mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba yangu, alisimama kando ya kaburi kusema. Siku nyingine angesema Kibukusu kama watu wote. Lakini siku hiyo alikuwepo mwalimu wa dini mgeni, na karani wa chifu, na baba mdogo alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Aliwahi kumpikia Mzungu, akarudi nyumbani na Kiswahili alichokivaa kama koti la Jumapili. Basi akasema Kiswahili, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

"Hii shamba si yangu. Ni ya huyu kijana. Mimi nachunga tu. Akiri ikimuota, narudisha yote, mbele ya nyinyi na mbele ya Mungu."

Hakuna aliyeshangaa kusikia akiri. Kwetu l na r hubadilishana viti zitakavyo. Lililowafanya watu watazamane ni lile neno kuota. Mahindi huota. Ndevu huota. Akili mtu huipata, au anayo, au hana. Yeye aliiotesha. Mwalimu wa dini aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, na watu wetu wakaondoka mazishini na neno hilo kana kwamba wamegawiwa nyama.

Shamba lenyewe lilikuwa zuri. Lilishuka polepole mpaka mtoni, udongo wake mweusi, na chini kabisa kulikuwa na migomba aliyoipanda mama. Mvua ya kwanza baada ya mazishi, baba mdogo aling'oa ua uliotenganisha shamba lake na letu. Alisema ua unaficha panya. Tukabaki na nyumba ya mama na uwanja wa kuanika nafaka ya wimbi. Ndizi za mama yetu zilikatwa na dada yangu, kwa amri, zikabebwa kwa kichwa chake mpaka jikoni kwa mke wa baba mdogo, na jioni aliitwa kusaga unga ambao hatukuula.

Nilingoja. Nilipotahiriwa nilisimama na matope ya mto mwilini, macho wazi, na hakuna aliyeweza kusema aliona hata ukope wangu ukicheza. Nilipopona nilikwenda kwa baba mdogo nikamwomba shamba la baba. Walikuwepo wageni wakinywa chai. Akanitazama kwa upole, upole ule wa kanisani.

"Kisu kimekata ngozi, mwanangu," akasema. "Kisu hakioteshi akiri."

Wageni wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nikaenda Kitale kutafuta kazi. Nilipewa kazi ya kuongoza ng'ombe wa plau katika shamba la Mzungu mmoja, kwenye mashamba ya mahindi ambayo mtu hawezi kuona mwisho wake. Nikajenga kibanda changu nyumbani, nikaanza kujilipia kodi. Nikarudi tena kwa baba mdogo.

"Hiyo ni kodi ya kichwa," akasema. "Serikari haiulizi ndani ya kichwa kuna nini."

Hilo nalo lilitembea. Nikipita soko la Myanga, vijana wa rika langu hawakunijulia hali. Waliniuliza tu, "Imeota?" Na mama mmoja aliyeuza mihogo alikuwa akiwajibu kwa niaba yangu, "Bado ni mbegu, bana. Mwacheni anyeshewe kwanza."

Niliyaweka yote moyoni. Wakati nikitembea mbele ya ng'ombe wa Mzungu kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuyapitia, neno kwa neno, na kila nikifika mwisho wa mstari nilikuwa nimemchukia zaidi.

Halafu habari ikaja. Mtu wa lori lililobeba mahindi aliniletea maneno ya dada yangu: mtoto wa kwanza wa baba mdogo anaoa, na atajengewa nyumba katika shamba letu, pale pale mama alipolima mboga. Nguzo zimeshakatwa. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wa ukoo watakuja kuonyeshwa mahali. "Akishajenga," dada yangu alisema, "na mtu akizaliwa mle, na mtu akizikwa pale, hatumtoi tena."

Wiki hiyo hiyo gego lilianza.

Lilianza kama punje ya mahindi iliyokwama nyuma kabisa, chini, upande wa kulia. Kesho yake ufizi ulivimba. Kisha taya likajifunga, nikawa nakunywa uji kwa kuupitisha pembeni. Jirani yangu kambini alikuwa mama mmoja mtu mzima, wa familia iliyotoka nchi ya kati ikafuata kazi Trans-Nzoia. Alinichemshia maji ya chumvi, akanipa karafuu, na alipoona havisaidii akasema wazi.

"Kijana, enda ung'oe hiyo kitu. Unanuka kama kuna panya amefia kwa ukuta."

Nikaenda hospitali ya Kitale, upande wetu Waafrika. Aliyeng'oa meno alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mtu wa pwani, kofia nyeupe ya kufumwa kichwani, asiyependa kuharakishwa. Aliniketisha kwenye kiti cha mbao, akaniegemeza kichwa ukutani, akanipanua mdomo kwa kijiti.

"Ahaa," akasema. "Hili limeota kiubavu, linamsukuma mwenzake. Gego la akili hili."

Koleo lilikuwa tayari mkononi mwake. Nikamshika kifundo cha mkono.

"La nini?"

"La akili. Hulijui? Ndilo la mwisho kuota. Mtoto halimwoti. Hungoja mtu apevuke."

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Linaitwaje?"

Akanitazama vizuri. "Kijana, umekuja kung'olewa au umekuja kusoma?"

Nilisimama kutoka kwenye kile kiti. Sikumbuki maumivu kwa dakika ile. Nakumbuka sauti ya baba mdogo kaburini, nzima nzima, na neno moja ndani yake likianza kugeuka.

"Nataka likae mpaka Jumamosi ya wiki ijayo," nikasema.

"Jino linaweza kukaa," akasema. "Wewe ndiye sijui. Usaha ukishuka shingoni hutoniita mimi, utaitiwa padri."

Jioni nilimweleza yule mama wa kambini. Alisikiliza huku akipepeta unga, akacheka, kisha akakasirika.

"Si ung'oe, ufunge kwa kitambaa, uende uwaonyeshe? Jino ni jino hata likiwa kwa mfuko."

"Nikilibeba mfukoni," nikamwambia, "atasema akili nilikuwa nayo, nikaiacha Kitale."

Akafikiri. "Huyo mtu," akasema, "kweli anaweza kusema hivyo." Akaenda kuniongezea chumvi kwenye maji.

Nilishuka Bungoma juu ya lori la Mhindi, nimeegemea magunia. Kila shimo la barabara ile lilinigonga ndani ya sikio. Nilishukia Kanduyi, nikamalizia kwa miguu, na mwili wote ulikuwa na joto. Wakati mwingine nilifikiri ni homa, wakati mwingine nilifikiri ni furaha.

Jumamosi wazee walikuja. Walikalia nguzo zile zile ambazo baba mdogo alikuwa amezikata. Aliyeongoza kikao alikuwa mkuu wa kijiji chetu, tuliyemwita liguru, mtu mnene mwenye koti la jeshi. Baba mdogo alionyesha mahali pa nyumba kwa fimbo: mlango hapa, jiko pale. Wazee wakaitikia. Mwishoni liguru, kwa desturi tu, akauliza kama mtoto wa marehemu ana neno.

Nikasimama. Meno yangu yalikuwa yameshikana, nikasema kupitia katikati yake. "Nataka baba mdogo aseme tena aliyosema kaburini."

Baba mdogo akacheka. "Nani hajui? Nilisema akiri ikimuota. Sasa mwangalieni hiyo shavu. Upumbavu ndio umemuota!"

Wakacheka, hata liguru. Niliwaacha wamalize.

"Imeota," nikasema.

Nikawapita wote nikaenda kwa mzee mmoja aliyekaa pembeni. Wakati wa vita vya kwanza vya Mjerumani alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akaishi Mombasa miaka mingi kabla hajarudi. Nilimchagua nikiwa bado kwenye lori.

"Babu," nikamwambia, "angalia nyuma kabisa. Chini, kulia."

Nikageukia jua, nikavuta shavu kwa kidole. Taya lilifunguka kidogo, na machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. Mzee aliinama akachungulia. Alikaa humo muda mrefu mpaka mtu akauliza, "Ameanguka ndani?"

"Hii ni jino ya akili," mzee akasema alipoinuka. "Waswahili wa Mombasa wanaiita hivyo. Yangu iliniota huko huko, na nilikuwa nimeshaoa. Wenzangu walisema akili yangu imechelewa sababu ya kubeba mizigo kwa kichwa."

Hakuna aliyecheka mara moja. Watu walikuwa wakiliweka lile neno kando ya lile lingine, wakipima. Kisha nyuma kabisa mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, akajiziba mdomo.

"Jino ni jino bana!" Baba mdogo alikuwa amesimama. "Mimi nilisema akiri ya kichwa!"

"Ulisema kuota," liguru akamwambia. "Ya kichwa inaota? Siku ile wewe ndiye ulikuwa na Kiswahili. Sisi tulisikiliza tu."

"Lakini kila mtu si ako na hiyo meno!"

"Kila mtu?"

"Kila mtu mzima!"

Wazee walikuwa tayari na vidole midomoni. Mmoja akatangaza kwamba anayo mawili. Mwingine akaanza kutafuta, akaacha, akafunga mdomo polepole na kutazama mtoni. Liguru akajigusa, akaridhika, akajifuta kwa koti.

"Basi fungua yako," akamwambia baba mdogo.

Hakufungua. Alisema hii ni kazi ya kitoto. Alisema yeye ni mzee wa kanisa. Ndipo mkewe, aliyekaa na wanawake, akamwambia kwa nia njema kabisa, "Fungua tu, baba watoto, uwanyamazishe."

Akafungua. Nilisogea ili nisikose kuona. Liguru alimshika kidevu kama mtu anayenunua ng'ombe, akamgeuza huku, akamgeuza huku, na baba mdogo alipepesa macho kwenye jua mbele ya mkwe wake, baba wa bibi harusi aliyekuja kuona mahali pa nyumba, na mbele ya mtoto aliyekuwa akimjengea.

"Huku nyuma," liguru akasema, "ni ufizi tu. Laini kama wa mtoto."

Nimepata furaha nyingine maishani, za harusi na za watoto. Hakuna iliyonijaa kama ile. Kicheko kiliwaangusha watu kutoka kwenye nguzo. Nilimtazama yeye peke yake, nikayatazama masikio yake yakikipokea kicheko hicho, na nilitamani baba na mama wangekuwa hai hata kwa muda ule tu.

Wazee waliamua kabla ya jua kuinama. Mahindi yaliyosimama angevuna yeye, kwa kuwa alipanda yeye, lakini ardhi ni ya mtoto wa marehemu, na nguzo zitoke siku ile ile. Kwetu kijana akikutana na mzee mwenye mzigo humpokea, hata kama ni mtu asiyemjua. Baba mdogo alipita mbele yangu na nguzo begani, akiyumba. Nilikunja mikono. Akapita ya pili. Nikaendelea kuikunja.

Nguzo ya mwisho aliisimamisha chini mbele yangu, akaniambia bila kupaza sauti, "Chunga sana hiyo jino. Siku inatoka, akiri imetoka. Nitakuja na hawa hawa."

Liguru alisikia. Aliguna tu akaenda zake, na kule kutojibu kwake kukanikaa moyoni.

Kwa hiyo sikuling'oa. Watu wamedhani niliogopa kupoteza shamba, na kweli niliogopa, maana ukoo ulioamua kwa neno unaweza kugeuka kwa neno. Lakini si hofu tu. Nilitaka kila akiona shavu langu limevimba ajue liko humo. Alikuwa akiuliza habari za afya yangu kwa kila mtu aliyetoka Kitale, na watu walisema, tazama, pamoja na yote bado anampenda mtoto wa ndugu yake. Niliporudi nyumbani kwa mapumziko nilipita makusudi mbele ya mlango wake nikimsalimia kwa mdomo wazi.

Jino nalo halikuwa upande wangu. Lilipoa likarudi, likapoa likarudi, na kila mara lilirudi na zaidi. Nilijifunza kula upande mmoja, kulala upande mmoja. Msimu wa kupanda uliofuata nilifika nyumbani nikiwa siwezi kumeza mate. Uvimbe ulikuwa umevuka taya ukiteremka shingoni, mgumu kama kiazi. Dada yangu aliniletea uji, akaona unamwagika kifuani.

"Enda ukang'oe," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Kwani mahindi tumeyapanda ndani ya mdomo wako? Mimi ndiye nalima. Mdogo wetu ndiye anashika ng'ombe. Wewe unalinda nini huko?"

Nikamwambia kwa shida kwamba likitoka, atarudi.

"Arudi anikute." Akaweka bakuli chini, akageukia mwanga wa mlangoni. "Angalia."

Akafungua mdomo. Nyuma kabisa, kulia na kushoto, meupe, yamesimama wima.

"Yameota lini?"

"Ukiwa Kitale ukilea lako. Hata hayakuniuma." Akachukua tena bakuli. "Si ungeniuliza? Hukuniuliza hata siku moja. Uko na baba mdogo tu kichwani."

Nilipanda lori kesho yake. Dresa alinikumbuka. "Umerudi kusoma?" akasema, na safari hii alimwita mwenzake anishike mabega. Lilitoka vipande vipande. Aliniuliza kama nataka kwenda nalo, kwani watu wetu wengi huogopa kuacha kitu cha mwili hospitalini. Nikamwonyesha ndoo.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Sikuwa nimekaa siku nyingi baba mdogo akaja shambani na liguru, amevaa koti la kanisani. Dada yangu alikuwa akipanda maharage katikati ya mahindi. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni, shavu limefungwa kitambaa.

"Fungua," baba mdogo akaniambia.

Nikafungua.

"Liguru, umeona! Shimo! Imetoka! Si niliwaambia?"

Liguru alionekana kuchoka na meno ya ukoo wetu. Kabla hajasema, dada yangu aliliacha jembe likisimama kwenye udongo, akaja mpaka karibu kabisa na baba mdogo, karibu kuliko anavyoruhusiwa msichana, akafungua mdomo.

"Hapa, baba mdogo. Na hapa. Weka kidole uhakikishe."

Aliangalia. Mkono wake ulianza kuinuka, ukarudi.

"Weka basi. Unaogopa nini?"

"Wewe ni msichana," akasema. "Utaolewa."

"Nikiolewa, ya mdogo wetu itakuwa imeota. Na ikimchelewea, mimi nitarudi kuja kupanua mdomo hapa hapa. Wewe utakuwa unakuja na nani?"

Liguru alikuwa ameshageuka. Tulimsikia akijisemea njiani kwamba ana kesi za ng'ombe zinamngoja. Baba mdogo alibaki peke yake katikati ya maharage yetu, koti lake limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile. Alisema kitu kuhusu heshima. Dada yangu alilichukua jembe, akaendelea na mstari kutoka pale alipouacha, na mstari huo ulipitia miguuni pake. Alipomfikia, ilibidi asogee. Akasogea. Alipofika tena, akasogea tena, mpaka akajikuta nje.

Nilicheka mpaka kidonda kikafunguka. Nikaenda ukingoni nikaitema damu kwenye njia aliyopitia, ingali na nyayo zake.